Sanduku la vinyago vya ibada ya kimya, kazi ya fundi wa Mikindani

Nianze na bei, maana najua wengi mnarukia huko kwanza. Vinyago 12 vya watu walioketi, shilingi 4,000 kila kimoja. Mabenchi manne madogo, 3,000 kila moja. Sanduku lenye kifuniko cha kutelezesha, 25,000. Jumla 85,000, na nilitanguliza 40,000. Nauli ya daladala kwenda Mikindani sijaiweka humo. Nilikwenda mara nne, na mara mbili kati ya hizo nilipitia pweza wa kuchoma, kwa hiyo si gharama ya kumtwisha fundi peke yake.

Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara. Kazi yangu ni kupima, kuandika, na kutomwamini mtu anayeniambia gunia limejaa. Vitu vya watoto si fani yangu. Hili sanduku nilitumwa na mama watoto, nikatumwa tena, na mara ya tatu nikaambiwa kama siendi atakwenda mwenyewe, mimi nibaki na watoto Jumamosi nzima. Nikaenda.

Yeye ni Mluhya wa Vihiga, muuguzi, na kwao wote ni Marafiki, wale wanaojulikana pia kama Quaker. Wamisionari wa Kimarekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kama Kenya. Mimi ni Mwanglikana wa Masasi, nimekulia kwenye ubani na kengele. Misheni yetu ilianza 1876, nasi tuna majivuno yetu, basi unaweza kufikiria mazungumzo ya nyumba hii.

Usidhani lakini kwamba Marafiki wa Kaimosi wanakaa kimya. Nimesali ukweni: kuna mchungaji, kuna kwaya, na kuna mahubiri ambayo ukiyaanza na chai utayamaliza na ugali. Ibada ya kimya mama watoto aliikuta Nairobi akisomea uuguzi, kwenye kikundi kidogo kilichosali kwa namna ya zamani, ile iliyoanza Uingereza miaka ya 1650 enzi za George Fox. Hakuna padri, hakuna wimbo, hakuna mahubiri ya kuandaa. Watu wanaketi wakitazamana, mara nyingi kwa saa nzima, wakingoja. Anayesukumwa moyoni husimama, akasema machache, akaketi, na kimya kikarudi. Mwisho wawili wanapeana mikono, kisha wote, na ibada imekwisha. Mara ya kwanza niliposali naye hivyo nilisinzia. Mara ya pili pia.

Hapa Mtwara hatujapata wenzake wa kusali hivyo, kwa hiyo tunasali nyumbani, Jumapili mbili kwa mwezi. Mbili nyingine tunakwenda kwangu, kwenye kengele.

Tatizo likawa watoto. Tunao watatu: binti wa miaka 11, kijana wa 7, na kitinda mimba wa 4. Jaribu kumketisha mtoto wa miaka minne kwenye mkeka umwambie tunamngoja Mungu aseme. Dakika ya pili wa kwetu alishauliza kama Mungu amelala.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa nasema "nyamazeni". Neno hilo mtoto wa Kiswahili analijua vizuri: nyamaza anaambiwa anayelia, nyamaza anaambiwa aliyekosa, nyamaza anaambiwa mtoto wageni wakiwa sebuleni. Ukimwambia nyamaza, halafu ukamwambia hii ni ibada, umemfundisha kuwa ibada ni adhabu isiyo na kosa. Hata methali hazikunisaidia. "Kimya kina mshindo mkuu" tunaisema tukimwogopa mtu anayepanga jambo, na kijana wangu aliponisikia nikiisema akauliza nani atapigwa. Mama watoto akalipiga marufuku neno lile Jumapili asubuhi. Yeye husema "tutulie, tusikilize", na kweli watoto hawakukunja uso. Ila kutulia bila kitu mkononi, kwa mtoto, ni kama kupanga foleni ya dirisha lililofungwa.

Ndipo likaja wazo la vinyago. Nairobi alikuwa amemwona mwalimu wa watoto akisimulia kwa watu wadogo wa mti, anawasogeza taratibu, watoto wanatazama mikono yake badala ya uso wake, kisha wanawasogeza wenyewe. Nikauliza vinauzwa wapi. Akasema Ulaya na Marekani vipo. Mimi nikasema sisi tunaishi na Wamakonde, tuagize vinyago Ulaya? Kwa kauli hiyo nikajipa kazi mwenyewe.

Fundi wangu anachongea chini ya mwembe kule Mikindani, si mbali na ile Boma waliyoijenga Wajerumani mwaka 1895. Mzee mtaratibu, tezo yake haina haraka. Nikamweleza: watu wameketi pamoja, wanasali. Akasema nimeelewa. Juma lililofuata akanionyesha sampuli, na nakiri ilikuwa kazi nzuri kuliko chochote nilichokuja kukinunua baadaye: ujamaa hasa, ule mtindo wa Kimakonde, gogo moja la mpingo, watu saba wamepandana mabegani, mguu wa huyu kwenye kichwa cha yule. Nikaipiga picha nikamtumia mama watoto. Jibu likaja: "Hapana. Hawa wanabebana. Nataka kila mmoja aketi pake, ila wasiachane."

Nikamsomea fundi ujumbe. Akaweka tezo chini.

"Karani, hili kanisa lenu halina padri?"

"Halina."

"Ngoma?"

"Hakuna."

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanaketi. Wanamsikiliza Mungu."

Akafikiri kidogo. "Kama itikafu msikitini."

Sikuwa na jibu bora kuliko hilo, na mpaka leo sijalipata. Mama watoto alipolisikia alifurahi sana, akaniambia nimwambie mzee kwamba watu hawa si wageni kabisa pwani hii: mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa kisheria Zanzibar, Marafiki wa Kiingereza walifika Pemba na kuanzisha misheni na shamba huko Banani, ili waliokuwa watumwa wapate kazi ya ujira. Fundi akasema Mikindani nako watu waliuzwa. Akaniuliza tu: macho yafumbwe au yawe wazi? Nikapiga simu tena. Jibu: hakuna sheria, wengine hufumba, wengine hutazama sakafu. Akachonga nusu kwa nusu.

Aliahidi wiki mbili. Ulikuwa mwanzo wa Oktoba, na anayeahidi wiki mbili Mtwara mwezi wa Oktoba ni mkarimu au ni mgeni. Fundi ana mikorosho yake. Vinyago vikasubiri, nami sikuwa na uso wa kulalamika kwa kuwa nilikuwa ghalani hadi usiku nikipokea korosho za watu kama yeye. Sanduku lilifika mwisho wa Novemba, wiki ya nane.

Tukalifungua sebuleni. Watu 12, wakubwa saba na watoto watano, wametulia vizuri, mikono magotini, wanang'aa. Kijana akachukua mmoja, akamgeuza kwenye mwanga, akaniangalia.

"Baba, hawa wamekatwa midomo?"

Kweli. Chini ya pua, uso laini kama yai. Wote 12. Kitinda mimba akajificha nyuma ya mama yake. Nikampigia fundi, naye akashangaa kushangaa kwangu: "Karani, si ulisema wanakaa kimya?" Nikatafuta la kusema. Mama watoto akaninyang'anya simu, akamwamkia shikamoo, akamwambia: "Mzee wangu, yeyote kati yao anaweza kusimama akasema. Sasa hawa watasemaje?" Upande wa pili kukawa kimya. Halafu: "Walete."

Hiyo ndiyo safari ya nne. Midomo ilichongwa kwa patasi ndogo, haikuzidi saa moja, na hakunitoza. Ila mdomo ukichongwa juu ya uso uliokwisha pigwa msasa hauwezi kuwa sawa. Wawili wanacheka pembeni. Mmoja yuko kama amerudishiwa chenji pungufu. Watoto wanampenda huyo kuliko wote, wamempa jina la Karani.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo nilipobadili mawazo kuhusu ile 85,000.

Tunatandika mkeka. Mabenchi manne yanawekwa mraba, yakitazamana. Kila mmoja wetu anachagua atakuwa nani leo, anamketisha anapotaka. Hatua hii peke yake inachukua dakika kumi na mama watoto haiharakishi hata kidogo, nami nilidhani ni kupoteza muda hadi nilipoona kuwa wakimaliza kuwapanga wale wa mti, wao wenyewe wamekwisha tulia. Kisha anasimulia kitu kifupi. Mwanzoni ilikuwa Eliya mlimani, 1 Wafalme 19: upepo mkuu, na Bwana hakuwamo, watoto wanapuliza, tetemeko, wanatikisa mkeka na watu wanaanguka, moto, wanapepea khanga nyekundu, halafu ile "sauti ndogo, ya utulivu". Hapo mikono inashuka. Umewapa kelele kwanza, wamezimaliza, na kimya kinakuja kama zamu yake imefika. Ujanja huu singeufikiria, nami nimehudumu altareni tangu nina miaka tisa.

Tulianza na dakika tano. Sasa ni 12. Mama watoto anasema hata huko Uingereza watoto kwa kawaida huketi na wakubwa robo saa hivi, kisha huwa na kipindi chao, kwa hiyo dakika zetu si za maskini. Mtoto anaruhusiwa kumshika mtu wake. Kitinda mimba humsugua kichwa kwa kidole gumba, wakati wote, kama anamtafutia chawa. Kumaliza kwa kupeana mikono hakuwezekani kwa vinyago, mikono yao imegandana na magoti, basi wanagonganishwa wawili wawili, ko! Mpingo una sauti nzuri. Sasa wakisikia hiyo ko wanajua imekwisha, wanapeana mikono nasi.

Baada ya hapo hakuna "mmejifunza nini". Analouliza ni moja: "Kuna kilichokujia?" Na "hapana" ni jibu kamili. Wiki za kwanza yaliyowajia yalikuwa njaa, mbu, na muuza ming'oko aliyepita. Mama watoto aliyapokea yote kwa uso uleule, mimi nilicheka na nikatazamwa. Jumapili ya nne umeme ulikatika katikati ya kimya. Ilipoulizwa kama kuna kilichomjia, kijana akasema: "Friji. Sikuwa nalisikia mpaka liliponyamaza."

Sikucheka. Nimeishi na friji lile miaka sita.

Mkubwa ndiye aliyekuwa mgumu. Umri wa miaka 11 hauna subira na vinyago. Akasema hasikii kitu, na akaruhusiwa kwenda kukaa barazani na kitabu chake, bila neno. Kilichomrudisha ni hadithi ya Bristol, na hapa sanduku lenyewe lilifanya kazi ambayo hatukulinunulia. Mwaka 1682, kule Bristol, Uingereza, Marafiki walikuwa wakifungwa kwa kukutana kusali bila kufuata kanisa la serikali, mpaka wakubwa karibu wote wakawa gerezani. Mama watoto akawachukua wakubwa saba, mmoja mmoja, akawatia sandukuni, akasukuma kifuniko. Kwenye mabenchi wakabaki wale watano wadogo. Akaketi, hakuendelea. Binti, aliyekuwa mlangoni, akauliza: "Halafu?"

"Halafu watoto wakaendelea kukutana wenyewe."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi sijui. Wewe unadhani nani?"

Wenye mamlaka waliwatisha, wakawachapa, nao watoto wakaendelea. Binti akaja mkekani, akawapanga upya wale watano, wakakaribiana zaidi. Siku ile tulitulia dakika 12 kwa mara ya kwanza na hakuna aliyeangalia simu.

Nafika kwenye kasoro, na zipo.

Kifuniko. Fundi alikikata wakati wa ukavu, kikabana barabara. Mvua za Desemba zilipoanza mti ukavimba. Ile Jumapili ya Bristol, tulipotaka kuwatoa wafungwa, hakikufunguka. Tulivuta, tulipaka mafuta ya nazi, nikagonga kwa nyundo. Wakubwa wakakaa gerezani hadi Jumatano, nilipopata randa ya kuazima, na kitinda mimba alikuwa akiwasalimia asubuhi na jioni kupitia ubao. Mkiagiza, mwambieni aache nafasi ya unene wa kadi, au aweke bawaba.

Mti. Nilimlipa bei ya mpingo. Mpingo halisi huzama majini, na mtu wa ghala hawezi kuacha kupima, basi nikawatia wote kwenye ndoo. Wakubwa saba wakazama kama mawe. Watoto watano wakaelea, na maji yakawa meusi: dawa ya viatu. Nilipomwambia fundi hakubabaika. "Karani, hao ni watoto. Mtoto ni mwepesi." Nimekubali hoja kwa sababu mkono wa miaka minne kweli hauwezi kubeba mpingo kwa muda, lakini bei ilipaswa kuwa nyepesi pia. Na ile dawa ilichafua gauni jeupe la Jumapili. Wafuteni kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuwapa watoto, hasa kama una mwenye tabia ya kutia vitu mdomoni.

Mabenchi ni ya mwembe. Mwezi wa pili yakaanza kumwaga unga mwembamba, wadudu. Nilipaka mafuta ya taa, nikaanika, umekoma. Kwa shilingi 3,000 sidai zaidi.

Kwa lugha ya kazini kwangu, vinyago ni daraja la kwanza, mabenchi daraja la pili, na sanduku ningelirudisha kwa mwenye gunia akaanike upya.

Nani anunue? Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili huku kwetu Anglikana aliliazima kwa ajili ya Eliya akakaa nalo wiki tatu, na kurudisha kwake kulikuwa kwa shida, kwa hiyo si lazima uwe Rafiki. Ila kama unatafuta kitu cha kuwazimisha watoto ili wewe upumzike, hela yako kanunue kifurushi cha katuni. Hivi vinyago vinakutaka uketi nao chini, magoti yakiuma, na wewe uwe na mtu wako kwenye benchi. Mimi huwa napewa Karani, sina uchaguzi.

Mwezi uliopita mama watoto alikuwa zamu ya usiku, akachelewa kutoka, nami niliitwa ghalani asubuhi Jumapili kwa lori lililokuja bila taarifa. Niliporudi saa nne nyumba ilikuwa kimya, na kimya cha watoto watatu peke yao, mzazi yeyote anajua, unakwenda kuangalia kwanza kama kuna kilichovunjika. Walikuwa mkekani. Wakubwa saba wako sandukuni, watano mabenchini, na watoto wangu watatu wameketi kuwazunguka. Kitinda mimba alikuwa na karanga mkononi, nahisi alihongwa. Binti akanionyesha kiganja: ngoja. Nikasimama mlangoni na viatu vyangu vya vumbi mpaka nikasikia ko! Vyombo vya chai vilikuwa bado havijaoshwa, na nina shaka zangu kama ibada ile haikurefushwa kwa sababu hiyo. Sikuuliza.

Tumeagiza wengine wanne, maana jirani analeta watoto wake sasa. Nimempigia fundi, nimemweleza yote: kifuniko, dawa ya viatu, mti. Amesikiliza vizuri, akasema atavianza msimu ukiisha. Alipotaka kukata simu akakumbuka.

"Karani. Hawa nao, midomo?"

"Weka, mzee."